Mfumo ni wa nani? Kompyuta za serikali, kutoka Hazina hadi Mpanda

Treni haikuletwa Mpanda kwa ajili ya watu wa Mpanda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilichepusha tawi kutoka reli ya kati pale Kaliua, ikalishusha kusini kilomita 210 kupitia miombo na mabonde ya Ugalla, kwa kuwa kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa na mgodi wa madini ya risasi na ilitaka njia ya kuyafikisha bandarini. Tawi likafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa na kampuni ikafungasha virago. Reli haikung'olewa. Iliendelea kubeba abiria, tumbaku na mahindi, na makazi ya wakimbizi wa Burundi yalipoanzishwa Katumba mwaka 1973, reli hiyohiyo ndiyo iliyoyaunganisha na nchi.

Kitu alichojenga mgeni kwa faida yake kinaweza kukufaa hata baada ya yeye kuondoka, mradi asiondoke na ufunguo. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia kusimulia historia ya kitu kingine kilicholetwa na wageni: kompyuta za serikali, na zaidi ya kompyuta zenyewe, programu zinazozifanya zihesabu. Siku hizi serikali za Ulaya zinahangaika kujinasua kutoka programu za Kimarekani kana kwamba jambo hilo limezuka jana. Huku kwetu limekuwepo kwa miaka sitini, na tumeshalijibu kwa namna tatu: kwa kununua, kwa kupiga marufuku na kwa kutengeneza wenyewe.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, kutoka kampuni ya Kiingereza iliyoitwa International Computers and Tabulators. Uingereza ndiyo iliyokuwa imetutawala, kwa hiyo hapakuwa na ajabu kununua kwake. Ajabu ilikuwa ndani ya mashine: ICT 1500 kwa asili ilikuwa RCA 301, kompyuta ya Kimarekani iliyouzwa Uingereza ikiwa imebandikwa nembo ya Kiingereza. Hata wakati huo Ulaya ilikuwa inauza akili ya Marekani kwa jina lake.

Mashine hizo zilikuwa kubwa kama kabati, zilihitaji chumba chenye ubaridi, na zilihitaji watu wa kuziandikia maelekezo. Watu hao walikuwa wataalamu wa kigeni. Serikali ilipojaribu kuhamishia hesabu zake zote kwenye kompyuta, kazi iliparaganyika. Walioelewa mfumo walikuwa wa mkataba, na waliobaki nao hawakuwa wamefundishwa vya kutosha. Hazina ikajikuta haina uhakika na vitabu vyake yenyewe, ikarudi kwenye mashine za zamani za kuhesabia.

Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Wakati huo nchi nzima haikuwa na kompyuta zaidi ya vidole vya mikono miwili. Katika katazo hilohilo zilikuwemo televisheni, ndiyo maana Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, huku Zanzibar, iliyojiamulia mambo yake, ikirusha picha za rangi tangu miaka ya 1970.

Wengi hulisimulia katazo lile kwa kicheko, kama kichekesho cha enzi za Ujamaa. Mimi silicheki. Azimio la Arusha lilikuwa limepitishwa mwaka 1967, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, na Hazina ilikuwa imeungua kidole kwa kifaa ambacho haikuweza kukitengeneza kikiharibika. Aliyeamua kwamba tusinunue tena mpaka tuelewe tunachonunua alikuwa na hoja. Alikosea jambo moja: katazo halifundishi mtu. Watu huelewa kompyuta kwa kuifungua na kuiharibu, na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa kizazi kile hawakupata mashine za kutosha kuziharibu.

Mpanda ya mwaka ule haikujua kama kuna katazo. Ndiyo kwanza ilikuwa inatolewa Mkoa wa Tabora na kuunganishwa na Sumbawanga katika Mkoa mpya wa Rukwa. Pori lililo kusini yake likatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Halmashauri zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 chini ya Madaraka Mikoani, na hesabu za wilaya zilikaa kwenye leja ndefu zenye majalada magumu, zikiandikwa kwa kalamu, wino mweusi wa mapato na mwekundu wa kusahihisha. Leja ile ilikuwa na sifa moja ambayo mifumo iliyoifuata haikuwa nayo: karani yeyote aliyejua kusoma na kujumlisha angeweza kuifungua, hata kama aliyeiandika alikuwa amehamishiwa Kigoma.

Halmashauri zilirudi mwaka 1984. Masharti ya kompyuta yalilegezwa taratibu katika miaka hiyohiyo, kwa sababu kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimeanza kuja na miradi ya wafadhili, ndani ya maboksi, kila mradi na mashine yake na programu yake. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba sasa tunategemea programu za Marekani. Utegemezi uliingia kwa hati za makabidhiano.

Uamuzi wa makusudi ulikuja mwaka 1998. Serikali, ikiwa katikati ya marekebisho ya uchumi na ikibanwa na wahisani idhibiti matumizi, ilichagua mfumo wa fedha uliojengwa juu ya programu ya Platinum kutoka California. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikabadili jina ikawa Epicor, na jina hilo ndilo lililokaa midomoni mwa wahasibu wa Tanzania kwa miaka ishirini. Ukimwambia mhasibu wa serikali aliyestaafu juzi neno Epicor, atakusimulia ujana wake wote.

Epicor haikuwa balaa. Ilifanya kazi, na nchi nyingine za Afrika zilizonunua mifumo mikubwa na ya gharama zaidi zilikuja kuangalia Tanzania imefanyaje. Kanuni yake ilikuwa rahisi: hati ya ununuzi haichapwi kama kifungu hakina fedha. Mkuu wa idara aliyezoea kuagiza kwanza na kutafuta fedha baadaye alikutana na kioo kinachokataa, na kioo hakina undugu wala hakiogopi cheo. Kampuni ya Kitanzania, Soft-Tech, ndiyo iliyokuwa ikiuhudumia mfumo huo hapa nchini, na vijana wengi walijifunzia hapo.

Ila ufunguo ulikuwa California. Leseni zilihesabiwa kwa watumiaji. Toleo jipya lilipotoka, la zamani lilianza kukosa huduma, na kuhamia jipya kulikuwa mradi wenye bajeti yake. Serikali ilipotaka mfumo uzungumze na mfumo mwingine, ilibidi iombe, isubiri na ilipe. Mwaka 2012 toleo la 9.05 lilipelekwa katika halmashauri.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, Mkoa wa Katavi ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, makao makuu yakiwa Mpanda. Waziri Mkuu alikuwa Mizengo Pinda, mtoto wa Kibaoni, ndani ya mkoa huo mpya. Leo mkoa una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Wakati ule ulikuwa mkoa mchanga, ofisi za kupanga, barabara ya kwenda Tabora bado vumbi, umeme wa mji ukitoka kwenye majenereta ya dizeli kwa kuwa Gridi ya Taifa haikuwa imefika. Katika chumba cha wahasibu, dirisha likiwa limezibwa kwa pazia ili jua lisipige vioo, kulikuwa na kompyuta chache zenye ruhusa ya kuingia Epicor, na foleni ya vocha mezani. Jenereta likizimika, UPS zinaanza kulia kwa pamoja. Mtandao ukikatika, malipo ya mzabuni wa chakula cha shule yanangoja, na anayeng'ang'ania kujua lini yatatoka anajibiwa jibu ambalo kila Mtanzania analijua: mfumo uko chini.

Zaidi ya fedha kulikuwa na bajeti yenyewe. Programu ya PlanRep, iliyotumika halmashauri zote kupanga mipango, ilikaa ndani ya kompyuta moja moja. Kila msimu wa bajeti maofisa mipango na wahasibu walibeba kompyuta mpakato na maboksi ya makabrasha hadi Dodoma, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakiunganisha tarakimu zao na za wenzao. Kwa mtu wa Morogoro hiyo ilikuwa safari ya asubuhi. Kwa mtu wa Mpanda kabla ya lami ilikuwa treni hadi Tabora, au basi la kupitia Inyonga msimu wa masika, kisha safari nyingine. Akifika na faili limeharibika, kazi inaanza upya akiwa nyumba ya wageni.

Kabla ya kwenda mbele inafaa kutaja jaribio moja ambalo wengi wamelisahau. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa KiLinux, kwa ushirikiano na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi, ya kuandikia barua na kupiga hesabu, yote kwa Kiswahili, bure, na msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote. OpenOffice yenyewe ilikuwa na asili ya Ujerumani. Ilitokana na StarOffice, iliyoanza katika mji wa Lüneburg kabla ya kununuliwa na kampuni ya Kimarekani ya Sun mwaka 1999. Wakati wataalamu wetu wanaitia Kiswahili, jiji la München lilikuwa limeshaamua kuhamisha kompyuta zake kutoka Windows kwenda Linux. Kwa muda mfupi Dar es Salaam na München zilikuwa kwenye njia moja. Zote mbili ziliteleza. Jambo haikupata amri ya serikali ya kuitumia, na ofisi ziliendelea na Microsoft Office, mara nyingi ya kunakili. München nayo, baada ya zaidi ya muongo, ilipiga kura mwaka 2017 kurudi Windows.

Kilichotuinua sisi hakikuwa programu ya kuandikia barua. Kilikuwa fedha.

Wakala ya Serikali Mtandao ilianza mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka yenye meno: taasisi ya umma haipaswi kununua au kujenga mfumo bila kupita kwake. Katikati ya miaka hiyo ulikuja utawala wa John Magufuli, uliokuwa na hamu isiyokwisha ya kujua kila shilingi iko wapi. Fedha za umma zilihamishwa kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Na mwaka 2017 ukaanza kutumika mfumo wa kielektroniki wa malipo ya serikali, GePG, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani wa Wizara ya Fedha.

Hakuna sera iliyoingia mifukoni mwa watu kwa kasi kama ile. Kuanzia hapo kila malipo ya serikali yakawa na namba yake yenye tarakimu 12, na neno kontroo namba likaingia Kiswahili cha sokoni bila kuuliza BAKITA. Mfanyabiashara wa mchele wa Majengo, Mpanda, anapokwenda kukata leseni, karani hamwombi tena noti. Anamwandikia jina na namba ya simu, na ujumbe unaingia. Mtu anafungua simu, anachagua malipo ya serikali, anaingiza namba, anaweka namba ya siri, na kabla hajainuka kitini risiti imeshatoka kwenye mashine ya POS, ile karatasi nyembamba inayofifia maandishi ukiiacha juani. Fedha haikupita mkononi mwa karani. Kwa miaka mingi hapo ndipo ilipokuwa ikipotelea.

Septemba 2017, Dodoma, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua PlanRep mpya ya mtandaoni pamoja na FFARS, mfumo wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma. Halmashauri zote 185 ziliwekwa humo. Ofisa mipango wa Nsimbo akaanza kuingiza bajeti yake akiwa Nsimbo. Shule ya msingi na zahanati, ambazo hapo awali zilikuwa na daftari tu, zikapata vitabu vya fedha vinavyosomeka wizarani. Wajenzi wa mifumo hiyo walikuwa Watanzania, watumishi wa serikali na wa vyuo.

Lakini aliyewawezesha alikuwa USAID, kupitia mradi wa PS3. Hapo ndipo historia hii inapokataa kuwa ya shangwe tupu. Fedha za Marekani ndizo zilizosaidia kujenga baadhi ya mifumo iliyotuwezesha kupunguza programu za Kimarekani. Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha misaada, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Miradi ilisimama siku moja baada ya barua. PlanRep haikuzimika. Msimbo ulikuwa kwetu na seva zilikuwa kwetu, na waliouandika walikuwa bado kwenye daftari la mishahara la serikali. Ukitaka kujua tofauti kati ya kupewa samani na kupewa nyumba, iko hapo.

Baada ya GePG ujasiri uliongezeka. Kuanzia mwaka 2019 Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, ukaanza kuchukua nafasi ya Epicor, wizara kwanza, halmashauri baadaye. Lawson, programu ya Minnesota iliyokuwa ikishika taarifa za watumishi na mishahara yao, ilifuatia. Mwaka 2021 nafasi yake ilichukuliwa na mfumo uliojengwa hapa. Benki Kuu ilijenga TIPS, unaowezesha fedha kutoka mtandao mmoja wa simu au benki kwenda mwingine papo hapo, na badala ya kununua ilianza na msimbo huria wa Mojaloop. Mojaloop ilifadhiliwa na taasisi ya Bill Gates. Mtu aliyepata utajiri kwa kuuza leseni ndiye aliyelipia programu isiyo na leseni ya kulipia, na sioni sababu ya kuikataa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha ununuzi. Zabuni za serikali zilikuwa zimehamishiwa kwenye TANePS, mfumo uliojengwa na kampuni ya Ulaya, European Dynamics ya Ugiriki. Wazabuni waliulalamikia, taasisi zikaulalamikia, na kila marekebisho yalipita kwa mwenye mfumo. Mwaka 2023 Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma iliuacha ikaleta NeST, uliotengenezwa na vijana wa ndani. Sasa fundi wa Mpanda anayetaka zabuni ya kukarabati zahanati ya Mishamo anaomba humo, awe na ofisi au awe na simu tu. Kwa hiyo miezi kadhaa kabla baraza la mawaziri la jimbo moja la Ujerumani halijaamua kuiacha Microsoft Office, Tanzania ilikuwa imeshaiacha programu ya Ulaya, bila vyombo vya habari vya dunia kujua.

Tugeuke basi tuitazame Ulaya yenyewe. Aprili 2024 baraza la mawaziri la jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, liliamua kuhamisha kompyuta zake zipatazo 30,000 kwenda LibreOffice, mjukuu wa ile StarOffice ya Lüneburg. Kufikia Oktoba 2025 barua pepe za jimbo zilikuwa zimeshatoka Outlook. Wizara ya Mambo ya Kidijitali ya Denmark ilitangaza mwaka 2025 kwamba nayo inaondoka kwenye Microsoft Office. Jeshi la Austria likafanya hivyohivyo. Askari wa gendarmerie wa Ufaransa walikuwa wameanza zamani, katikati ya miaka ya 2000, na hawakurudi nyuma.

Kilichowashtua Waulaya ni kisa cha The Hague. Februari 2025 Rais Donald Trump aliiwekea vikwazo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Mei mwaka huo ikaripotiwa kwamba Mwendesha Mashtaka Karim Khan amepoteza barua pepe yake iliyokuwa Microsoft. Kampuni ilikana kwamba iliikatia huduma Mahakama. Hata hivyo Mahakama ikaamua kuhamia openDesk, programu huria ya Ujerumani. Juu ya hayo kuna sheria ya Marekani ya mwaka 2018, CLOUD Act, inayoiwezesha mahakama ya Marekani kuidai kampuni ya Marekani taarifa hata zikiwa zimehifadhiwa Frankfurt au Dublin. Waulaya waligundua kwamba seva kuwa kwao hakutoshi kama mwenye seva yuko kwingine.

Sisi kwa upande huo bado tuna deni kubwa, na heri tuliseme bila kuremba. Mifumo ya fedha ni yetu, ila kompyuta ya mhasibu inayoifungua MUSE inaendeshwa na Windows. Serikali imewakumbusha watumishi mara nyingi watumie barua pepe rasmi zenye go.tz badala ya Gmail na Yahoo, lakini ukitaka kujua halmashauri inavyoendeshwa kweli, angalia WhatsApp. Kikao kinaitishwa WhatsApp. Barua inapigwa picha na kutumwa WhatsApp kabla ya nakala ngumu kufika masijala. Mtendaji wa kata ya mbali huko Mishamo hutuma takwimu zake kwenye kundi, zikiwa zimeandikwa kwa mkono na kupigwa picha juu ya goti. Mawasiliano ya siku nzima ya serikali ya mtaa yamelala kwa kampuni ya California, na hakuna mkataba.

Chini ya hapo kuna nyaya. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulijengwa kuanzia mwaka 2009 kwa mkopo wa China na makandarasi wa China. Ukitoka nje ya nchi unategemea kebo za baharini, na Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, intaneti ya nchi nzima iliyumba. Kwenye afya, takwimu ambazo zahanati inajaza katika vitabu vya MTUHA huishia katika DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo. Hiyo ya mwisho hainipi wasiwasi. Msimbo wa DHIS2 uko wazi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Oslo wakifunga mlango kesho, tutaendelea. Ugeni wa programu si kosa. Kosa ni kukosa ufunguo.

Na ufunguo unaweza kukosekana hata programu ikiwa ya nyumbani. Kenya wamelionja hilo. Mkaguzi Mkuu wao alionya mwaka 2025 kwamba mfumo wa bima ya afya ya SHA, wenye mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 104 za Kenya, haumilikiwi na serikali bali na kampuni zilizoujenga, Safaricom ikiwa mojawapo. Kampuni ya Nairobi inaweza kukufungia mlango sawasawa na ya California.

Kuna upande mwingine ambao wapenzi wa uhuru wa kidijitali hawapendi kuugusa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa; mtandao wa X ulikuwa umefungwa tangu Mei. Waliozima hawakuwa Wamarekani. Serikali kuwa na ufunguo wake hakumaanishi kwamba mwananchi ana wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo, ila mkulima aliyesajiliwa kwenye mbolea ya ruzuku kwa jina, simu, ukubwa wa shamba na kijiji bado hajui nani anasoma taarifa zake. Watu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo wanalijua jambo hili kuliko sisi wengine. Zaidi ya Warundi 162,000 wa makazi ya zamani walipewa uraia wa Tanzania, na kabla ya kukabidhiwa vyeti waliishi miaka mingi maisha yao yakining'inia kwenye orodha zilizotunzwa na watu wengine.

Hukumu yangu ni hii. Katika fedha, ununuzi na mishahara, Tanzania imefanya kazi ambayo nchi tajiri zaidi ndiyo kwanza zinaianza, na imeifanya kwa gharama ambayo Wajerumani wangeishangaa. Katika mawasiliano ya kila siku hatujaanza. Na katika kulinda watu waliotengeneza mifumo hii tunacheza na moto: kijana anayeijua MUSE ndani nje anaweza kuajiriwa kesho na benki kwa mshahara mara kadhaa ya ule wa serikali, na akiondoka na maarifa yaliyo kichwani mwake tu, tutakuwa kama Hazina ya kabla ya katazo.

Baraza la madiwani la halmashauri yako hukutana kila robo mwaka, na vikao vyake ni vya wazi kwa wananchi. Mwambie diwani wako aulize kuhusu kila mfumo unaotumiwa kukusanya ushuru wako: msimbo uko kwa nani, nakala ya taarifa iko wapi, na ni watumishi wangapi wa umma wanaoweza kuutengeneza ukiharibika. Akijibiwa kwa jina la mtu mmoja, aombe jibu hilo liingizwe kwenye muhtasari.